Molitoni, Raundi ya Kwanza

Pisila alizoea kutazama mapambano bila sauti. Wakati wa chai, wenzake wakiwa wamejazana mezani, yeye aliketi kwenye kreti ya plastiki karibu na mlango wa nyuma wa kiwanda, simu mapajani, akimtazama mwanamume fulani wa Marekani au Brazili akishuka kwenye mizani na chupi yake na soksi. Hakutazama misuli, maana wote walikuwa na misuli. Alitazama mguu upi unatangulia kugusa chini, mkono unaopokea chupa ya maji umetulia au unatetemeka, na kama mtu anacheka, anacheka na nani. Watangazaji walisema mengi, lakini Kiingereza chao kilikwenda mbio, na Pisila aliacha shule darasa la sita kule visiwani kwao Ha'apai alipotolewa kwenda kumuuguza bibi yake. Kwa hiyo alizima sauti akabaki na miili, na miili aliielewa.

Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali, hapa ugenini Mount Druitt, na watu wake walikuwa na karatasi yao ya utabiri. Aliyeianzisha ni Darko, dereva wa foklifti, mtu mnene mwenye sauti ya kuita mifugo. Kila yalipokuwapo mapambano makubwa ya kizimbani, yale ya ngumi na mieleka ndani ya wavu, Darko alibandika karatasi kwenye friji ya chumba cha chai: majina ya wapiganaji upande mmoja, majina ya wafanyakazi juu, na kila mtu akaandika nani atashinda na katika raundi ya ngapi. Aliyepatia mengi alipewa trei ya nyama kutoka kwa muuza nyama wa pale stesheni. Sheria zilikuwa mbili tu. Kilichoandikwa hakikatwi. Na asiyeandika, kwa mafua au likizo au uvivu, Darko humwandikia, ili asije mtu kulia kwamba ameonewa.

Pisila alikuwa ameshinda trei saba kwa mwaka mmoja. Walimwita Nabii. Hakulipenda jina hilo, lakini kulikataa kungemlazimu kusema mbele ya watu, basi likamkaa.

Nyumbani waliishi watatu: Pisila, mama yake, na kaka yake Molitoni aliyemtangulia kwa miaka miwili. Baba alikwishafariki. Molitoni alilala gereji, kama vijana wa kiume wengi wa Kitonga mtaani, kwa sababu kaka na dada waliokua hawalali chini ya paa moja kama wanaweza kuliepuka. Moli akiingia sebuleni na televisheni inawaka, Pisila aliinuka akaenda jikoni. Hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilipanda upande mmoja: dada yuko juu. Hata kama ni mdogo, hata kama haongei, yuko juu. Moli hakumwita kwa jina lake tangu ndevu zilipomwota. Alimwita dada, na mara nyingi hata hilo alilipitishia kwa mama.

Moli naye alikuwa mpiganaji wa kizimbani. Mapambano tisa, ameshinda manane, na sasa alikuwa ameandikiwa la kumi, Jumamosi, kwenye ukumbi wa klabu ya ragbi, la mwisho kabisa katika orodha ya siku hiyo, ambalo picha yake ndiyo inayowekwa kubwa kwenye bango.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Pisila alimwona kutoka jikoni akimimina sharubati pembeni ya glasi. Kidole kimoja tu pembeni. Moli alitazama meza iliyolowa, akatazama mlango, akafuta haraka kwa mkono wa fulana. Siku ya pili yake mama alimrushia andazi, kama alivyomrushia tangu utotoni, likapita karibu na sikio lake la kushoto likapiga ukuta. Mama alicheka. Moli alicheka. Pisila hakucheka. Tangu siku hiyo alimtazama kama alivyowatazama wale wa kwenye simu, na aliona kwamba ukimwita kutoka kushoto hageuzi macho, anageuza shingo yote, kama mtu aliyefungwa plasta.

"Mama," alisema jioni moja wakimenya muhogo, "Moli anaona vizuri?"

"Kwa nini asione?"

"Nimeuliza tu."

Mama aliweka kisu chini. "Pisila. Mwili wa kaka yako si mazungumzo yako. Na wakati huu wa pambano uchunge mdomo. Unajua mdomo wa dada ulivyo."

Alijua. Binamu wa marehemu baba alikatazwa na dada yake kwenda mechi fulani ya ragbi. Akaenda, akavunjika paja. Mpaka leo hakuna aliyelaumu uwanja wala yule aliyemwangukia. Dada alikuwa amesema.

Jumatatu ya wiki ya pambano, Darko alibandika karatasi mpya na kugonga friji kwa kiganja.

"Wiki hii hatuna habari na Marekani! Tuna wa kwetu. Nabii wangu, huyu wa mwisho si ndugu yako?"

"Ni kaka yake," alijibu Lose, msichana wa kanisani kwao aliyefanya kazi upande wa taulo. Lose alijibu maswali yote ya Pisila, hata yasiyo yake. "Kaka wa tumbo moja. Mwacheni aandike, kanisa zima linasubiri."

"Mimi pia nasubiri," alisema Bi Thuy, mfanyakazi mwenzao ambaye hakuwahi kutazama pambano hata moja maishani mwake. "Akiandika, nanakili. Ile nyama ya mwezi wa tatu niligawana naye, nilimwambia mume wangu nimenunua."

"Bi Thuy, huo ni wizi," Darko alisema.

"Wizi ni wewe kuja na biskuti zako ukala zangu."

Walicheka. Pisila alichukua kalamu. Mapambano saba ya mwanzo aliyajaza bila kusimama. Alipofika la nane mkono ukakaa.

Molitoni dhidi ya Brodie Haskell, wa Penrith. Pisila alikuwa amemtazama Haskell huyo mara kumi na nne. Hakuwa na ufundi mwingi. Alikuwa na mkono wa kulia mrefu uliozunguka kutoka mbali, kama mtu anayetupa gunia juu ya lori, na mwenye macho mawili aliweza kuuona ukianza safari akainama. Lakini mkono wa kulia wa Haskell ulitua upande wa kushoto wa mtu. Haskell, raundi ya pili. Lilikuwa wazi kuliko yote saba aliyokwishaandika.

"Andika basi, shosti," Lose alisema. Simu ilikuwa tayari imeinuliwa.

Akiandika Haskell, kabla ya chakula cha mchana wangejua mpaka wazee wa kanisa kwamba dada amemtakia kaka yake kipigo. Moli angeingia kizimbani na laana ya nyumbani mgongoni. Akiacha wazi, wangeuliza kwa nini. Aliandika: Molitoni. Kisha, kwenye nafasi ya raundi, akaandika: ya kwanza. Kwa sababu kama ni lazima awe mle ndani, basi awemo dakika tano na si kumi na tano. Ilikuwa dua, si utabiri. Lakini karatasi ya Darko haikuwa na sehemu ya dua.

"Raundi ya kwanza!" Darko alipiga mluzi. "Mmemsikia Nabii!"

Bi Thuy alinakili. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Lose alipiga picha, na kengele ya kurudi kazini ilipolia, picha ilikuwa imekwisha kufika kwenye kundi la kanisa.

Jumanne jioni Moli alikuja mpaka kwenye mlango wa jikoni, akasimama nje ya kizingiti. Pisila alikuwa akiosha vyombo, mgongo kwake.

"Mama," Moli alisema, "mwambie dada asante."

Akaondoka. Mama alibaki amesimama na kitambaa mkononi, macho yamelowa, anatabasamu.

"Hujui ulichofanya, mwanangu. Alitaka kujitoa. Alimwambia kocha kwamba mgongo unamsumbua, atatoa jibu leo. Ujumbe alikuwa ameuandika tayari kwenye simu, bado kuutuma tu. Ndipo Lose akaleta ile picha. Akaufuta."

Mikono ya Pisila ilikuwa ndani ya maji ya povu. Alitafuta kijiko akakipata, akakiosha, akakiosha tena.

"Mgongo," alisema.

"Ndivyo alivyosema. Hofu tu. Sasa imemtoka."

Jumatano alifika kazini kabla ya wote. Chumba cha chai kilikuwa kimya, friji inanguruma peke yake. Alisimama mbele ya karatasi na kalamu, akaweka ncha juu ya jina la kaka yake.

"Ah-ah-ah." Darko alikuwa mlangoni, funguo za foklifti kidoleni. "Nabii! Na wewe? Kilichoandikwa hakikatwi."

"Nataka kubadilisha."

"Watu kumi na tisa wamekufuata. Ukikata wewe, wakate wote? Bi Thuy ataniua na chai yake ya moto." Kisha akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Kuna nini?"

Angeweza kumwambia. Darko hakuwa Mtonga, hakuwa wa kanisani, alikuwa na sauti, angeweza kuwapigia simu waandaaji na kuwafokea mpaka wakasikia. Alishusha kalamu. Kusema mwili wa kaka yake mbele ya mwanamume wa nje, peke yao chumbani.

"Hakuna," alisema.

"Basi kalamu mfukoni. Atashinda tu. Wewe hukosei."

Alikuwa na namba ya waandaaji, iliyokuwa chini ya bango. Mchana alijifungia chooni akaipiga. Sauti ya kijana ilipokea, changamfu, ikauliza kwa Kiingereza, haraka haraka, mambo mawili matatu. Pisila alisikia neno tiketi. Akakata.

Alibaki na mtu mmoja. Kwa Moli, dada alikuwa juu, lakini shangazi, dada wa baba, alikuwa juu zaidi. Shangazi Seini aliishi Blacktown, nyumba ya matofali yenye varanda iliyojaa mikeka. Yeye akisema kaa, Moli anakaa. Alhamisi baada ya kazi Pisila alipanda treni akaenda.

Shangazi alikuwa sakafuni, miguu ameikunja pembeni, anakagua mikeka ya kiunoni, vazi la heshima la Kitonga, ya kuvaa siku ya pambano, kwa kuwa ukoo wote ulikuwa unakwenda. Alimsikiliza mpaka mwisho. Pisila hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Sharubati, andazi, shingo. Alipomaliza, shangazi alichukua simu, akaweka sauti ya nje.

"Molitoni."

"Naam, shangazi."

"Unaona?"

Pakawa na kimya kifupi. Pisila alikisikia, sijui kama shangazi alikisikia.

"Naona, shangazi."

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili. Daktari alinipima mwaka huu, karatasi iko. Na dada ameshasema, shangazi. Umeona picha?"

"Nimeona. Kula vizuri." Akakata simu, akaiweka juu ya mkeka. "Umesikia. Mtoto wa kaka yangu hanidanganyi."

"Anadanganya, shangazi."

"Basi wewe ndiye uliyeanza, kwenye karatasi."

Pisila aliinamisha kichwa.

"Usilie. Nisikilize," shangazi alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Nikimkataza leo, nimelikanyaga neno lako mbele ya watu wote. Dada anampandisha, shangazi anamshusha. Tuseme asinisikie. Ataingia mle ndani moyo umegawanyika vipande viwili, na hapo ndipo atakapoumia kweli. Uliliweka wewe. Kama unataka kuliondoa, liondoe kwa mdomo wako mwenyewe. Si kwa wangu."

Akampa mkeka wake wa kuvaa, umekunjwa vizuri, na kipande cha keki ampelekee mama.

Jumamosi asubuhi Pisila alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitoka mlango wa nyuma, akavuka nyasi, akasimama mbele ya gereji. Mlango ulikuwa umeinuliwa nusu. Aliona miguu ya Moli, akaona begi, mikono ikikunja taulo. Taulo la kwanza lilikosa begi likaanguka nje.

"Kaka."

Mikono ikasimama. Moli aliinama chini ya mlango akatoka, macho chini, akakaa kwenye nyasi palepale ili kichwa chake kisiwe juu ya cha dada yake.

"Dada. Mama anaumwa?"

"Mama mzima." Alivuta pumzi. "Jicho lako la kushoto."

Moli aling'oa unyasi. Gari la jirani lilipita, likaishia.

"Tangu lini umejua?" aliuliza, bado anatazama nyasi.

"Tangu sharubati."

"Wiki tatu." Alihesabu kitu moyoni mwake, Pisila aliona midomo yake ikicheza. "Ilikuwa kidole cha gumba, mazoezini. Kijana hakukusudia. Naona kama kuna pazia, linashuka kidogo kidogo. Nilikuwa nataka kujitoa, dada. Niliogopa sana." Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu wakiwa watoto alimtazama sawasawa. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Lakini wewe ulijua Jumatatu."

"Nilijua."

"Ulijua jicho moja limekufa, na bado ukaandika jina langu."

"Kaka, hapana, niliandika kwa sababu..."

"Raundi ya kwanza. Na ulijua!" Alikuwa akicheka, machozi yakimtoka kwenye macho yote mawili, lile zima na lile bovu. "Mimi nilidhani umeandika kwa kuwa hujui. Usiku sikulala nikifikiri, angejua asingeandika. Kumbe ulijua. Basi nina hofu ya nini?"

"Niliogopa watu, kaka. Sikuona unashinda. Niliona..."

"Usilimalizie, dada. Nakuomba." Alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa magoti yake. "Ulishasema. Usiongeze."

Pisila alisimama pale, mikono imening'inia. Maneno aliyokuwa nayo yote alikwishayatoa, na kila moja lilikuwa limekwenda kukaa upande wa pili. Kutoka ndani ya nyumba mama aliita kwamba chai tayari.

Pambano lilikuwa saa tisa alasiri. Ukoo ulijaza safu nne za viti, mikeka viunoni, shangazi katikati. Pisila hakukaa nao. Palikuwa na binamu wengi wa kiume, ambao nao huhesabiwa kaka, na hilo likamtosha kuwa sababu. Alisimama kwenye ukumbi mdogo wa nje, nyuma ya mlango wa kioo, ambapo palikuwa na skrini ukutani isiyo na sauti. Mzee mmoja alikuwa akicheza mashine ya kamari pembeni yake wala hakugeuka.

Moli aliingia kizimbani. Pisila aliona anavyogusa wavu kwa mkono wa kushoto anapotembea, kama mtu apapasaye ukuta, na watu wakadhani ni mbwembwe.

Mkono wa kulia wa Haskell ulianza safari. Ulitoka mbali, ukazunguka, ukatua. Moli hakuinama. Hakukunja hata uso. Kupitia kioo Pisila alisikia ukumbi ukinguruma, akawaona binamu zake wakisimama juu ya viti, wakijipiga vifua: hakupepesa! Amepigwa na hakupepesa! Ulikuja tena, palepale. Hakupepesa. Mara ya tatu. Damu ilianza kushuka pembeni ya nyusi, na Moli akatabasamu kuelekea mahali ambapo Haskell hakuwapo.

Pisila alishika mpini wa mlango. Aliushika tu.

Mkono wa nne ulipokuja, Moli alikuwa anayumba, na kwa kuyumba kule akaanguka mbele, kifuani kwa Haskell, wakaenda chini wote wawili. Huko chini macho hayana kazi kubwa. Mikono ya Moli ilitafuta, ikapata shingo, ikajifunga. Haskell alijipinda, akajipinda, kisha akagonga sakafu kwa kiganja, mara tatu, haraka, kukubali kushindwa. Mwamuzi akawaachanisha.

Raundi ya kwanza.

Kupitia kioo aliona vichwa vikigeuka. Si kumtazama Moli. Vilikuwa vikimtafuta yeye. Lose alimwona wa kwanza, akanyoosha kidole, na ukoo mzima, safu nne, ukamgeukia Pisila nyuma ya mlango wa kioo na kumpigia makofi. Shangazi Seini hakupiga makofi. Alimtazama tu, kisha akatazama kizimba, ambapo daktari alikuwa akifuta damu kwenye nyusi na kusema jambo la kuchekesha.

Jumatatu alipewa trei ya nyama. Soseji, chopsi za kondoo, paja la kuku, vyote chini ya plastiki. Aliibeba kwenye basi mapajani, baridi ikipenya sketi. Mama alichoma nyingine, nyingine akaifunga kwenye majani ya magimbi na tui, akamwita Moli aje ale.

Baada ya kula, Pisila akiwa anasuuza sahani, alisikia hatua nje ya mlango wa wavu. Moli hakuingia. Alikaa kwenye ngazi, mgongo ukiwa kwake, ili waongee bila kutazamana.

"Uvimbe umeshuka," alisema polepole. "Leo nimefunika lile zima kwa mkono. Giza, dada. Hata dirisha silioni."

Sahani ilimponyoka Pisila ikazama majini.

"Usimwambie mama, ataogopa bure. Nimekwambia wewe kwa kuwa wewe ulishajua tangu mwanzo." Alijifuta mikono magotini. "Wamenipa pambano Brisbane. Mwezi wa nane. Ukumbi mkubwa. Kocha amesema nitakwenda kukaa kambini huko."

"Usiende."

"Dada..."

"Kaka, usiende. Nasema kwa mdomo wangu. Usiende."

Moli aliinamisha kichwa, na Pisila akadhani neno limeingia. Kisha akacheka, kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto anayemwonea huruma.

"Ndivyo ulivyotaka kusema na Jumamosi asubuhi. Huo ni moyo wako tu, dada, unanihurumia. Neno lako liko kule kwenye karatasi. Na limetimia."

Pisila alimwambia mama. Mama alishtuka, akamketisha Moli kwenye kiti, akainua vidole mbele ya uso wake, viwili, vitatu, vinne, na Moli akavitaja vyote kwa jicho la kulia. Kliniki waliandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa macho. Tarehe ilikuwa baada ya wiki tatu, na kufikia siku hiyo Moli alikuwa Brisbane kambini. Mama alisema atakwenda akirudi. Barua aliibandika kwenye friji, chini ya picha ya Moli akiinuliwa mkono.

Mwezi wa nane Darko alibandika karatasi. Nane tena. Jina la Molitoni lilikuwa la mwisho, na mpinzani alikuwa mtu wa Darwin ambaye Pisila aliapa kutomtazama hata mara moja. Alimtazama, hata hivyo. Mikono miwili, yote myepesi.

"Haya, Nabii!" Darko alimpa kalamu.

Pisila hakuipokea. "Siandiki," alisema.

Wote wakamgeukia. Wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yake ikifika upande wa pili wa meza.

"Anaumwa?" Bi Thuy aliuliza.

"Jicho la kaka yangu limekufa," Pisila alisema. "La kushoto. Haoni. Siandiki."

Walitazamana. Lose ndiye aliyecheka kwanza, akamshika bega. "Shosti, unaogopa, ndiyo maana. Hata mimi ningeogopa. Lakini kama haoni alimkabaje yule?"

"Akipigana na jicho moja anawapiga hivyo," Darko alisema, "na mawili ingekuwaje?" Watu wakacheka, wakapumua. "Asitaabike. Sheria ya pili: asiyeandika anaandikiwa. Sote tunajua angeandika nini."

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, chini ya jina la Pisila: MOLITONI. RAUNDI YA KWANZA.

Pisila aliruka mbele, akaweka kiganja juu ya maandishi, akakibana hapo kwenye mlango wa friji uliokuwa ukitetemeka kidogo. Simu ya Lose ilikuwa imeshainuliwa.

"Toa mkono, shosti, jina halionekani. Au basi, hapana, acha." Lose alirudi nyuma hatua moja. "Acha hivyohivyo. Inapendeza. Kama unambariki."

Aliondoa mkono, lakini picha ilikwishapigwa.

Bi Thuy alinakili. Foleni ikajipanga. Kengele ya kazi ilipolia, Pisila alikuwa tayari kwenye mashine yake, anapokea shuka jeupe la moto upande mmoja na kulikunja upande wa pili, pembe kwa pembe, wakati simu ilipotikisika mfukoni mwa aproni. Ulikuwa ujumbe wa mama.

"Kaka yako ameona picha. Anasema asante, dada."